Mcheza Kwao Hutunzwa

Mwezi wa Julai ukiwadia, macho ya wapenzi wa pikipiki ulimwenguni huelekea mji mdogo wa Hohenstein-Ernstthal, katika jimbo la Saxony, mashariki ya Ujerumani. Hapo ndipo ulipo uwanja wa mbio uitwao Sachsenring, na hapo ndipo mafundi na wapanda pikipiki watakapokutana tena kwa Mbio Kuu ya Ujerumani. Baadhi ya wasomaji wetu watauliza: gazeti la Chama lina haja gani na mbio za pikipiki za Ulaya, hali kazi za mashambani na viwandani zatungojea? Swali hilo ni la haki, nasi twalijibu tangu mwanzo. Twaandika habari hizi kwa sababu mbili. Kwanza, ni viwanja vichache vinavyoonyesha wazi kama huu kwamba mashine bila ya mtu ni chuma baridi. Pili, nchi ile ilipata kutawaliwa na chama kilichosema, kama tusemavyo sisi, kwamba kinashika hatamu kwa jina la wafanya kazi. Na yaliyowapata mafundi wake ni somo ambalo chama chochote cha wafanya kazi hakina ruhusa ya kulisahau.

Tuutazame kwanza uwanja wenyewe. Mzunguko wake ni mita 3,671 tu, nao ni miongoni mwa mizunguko mifupi kabisa katika mashindano ya ubingwa wa dunia. Sehemu iliyonyoka kuliko zote haipati mita 800. Huko Mugello, nchini Italia, Brad Binder, mwana wa Afrika ya Kusini, alifikia mwendo wa kilometa 366.1 kwa saa katika mwaka 2023. Sachsenring hapana nafasi ya mwendo huo, hata mtu angepewa injini yenye nguvu kuliko zote duniani. Hapa tajiri aliyenunua nguvu nyingi hana pa kuzitumia. Njia yapanda, yashuka, yajipinda na kujirudi kama nyoka aliyekanyagwa mkia, na mpandaji hapati mahali pa kuvuta pumzi tangu mwanzo hata mwisho.

Kona zake ni kumi na tatu. Kumi kati ya hizo zapinda kushoto, na tatu tu zapinda kulia. Tangu kona ya nne hata ya kumi, mpandaji hulala upande wa kushoto mara saba mfululizo. Ndipo ghafula, akiwa katika mwendo mkali, hufika juu ya mteremko na kutakiwa ajitupe upande wa kulia katika kona ya kumi na moja. Hapo ndipo penye mtihani. Kila mama apikaye chapati ajua kwamba chapati isiyogeuzwa huungua upande mmoja na kubaki mbichi upande wa pili. Ndivyo lilivyo tairi la Sachsenring. Upande wake wa kushoto umechemka kwa kazi, na upande wa kulia umepoa kwa kukosa kugusa lami. Na tairi lililopoa halishiki. Watengenezaji wa matairi hujaribu kuponya kasoro hii kwa kuunda tairi lenye mpira wa aina mbalimbali, mgumu upande mmoja na laini upande wa pili. Lakini dawa hiyo hupunguza hatari tu, wala haiiondoi. Kinachobaki ni akili ya mtu, mkono wake juu ya breki, na subira yake.

Asiyesadiki na ayatazame yaliyotokea miaka hii ya karibuni. Katika mwaka 2024 Jorge Martín wa Hispania alikuwa akiongoza, na mizunguko miwili tu ilikuwa imebaki. Alipoingia kona ya kwanza, ambayo ni mojawapo ya zile tatu za kulia, akateleza na kuanguka. Ushindi akauchukua Francesco Bagnaia wa Italia. Katika mwaka 2025 kona ile ile iliwaangusha wengine, na siku hiyo watu kumi tu ndio waliofika mwisho wa mbio. Wahenga walisema kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Hapo Sachsenring methali hiyo hutimia mchana kweupe.

Hatuwezi kuandika habari za uwanja huu bila ya kumtaja Marc Márquez, Mhispania wa mji wa Cervera. Kuanzia mwaka 2010 hata 2019 alishinda hapo kila mwaka, kwanza katika madaraja ya chini na kisha katika daraja la juu. Mwaka 2020 mbio hazikufanyika kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na mwaka huo huo alivunjika mkono huko Jerez. Wengi walisema kazi yake imekwisha. Mwaka 2021 alirudi Sachsenring akiwa hajapata ushindi hata mmoja tangu ajali ile, naye akashinda. Lakini uwanja haumpendelei mtu. Katika mwaka 2023 alianguka mara tano kabla ya siku ya mbio kwisha, mwili ukamshinda, akajitoa. Hakuona haya kusema hawezi. Mwaka 2025 akarudi tena, akashinda mbele ya ndugu yake Alex, na huo ukawa ushindi wake wa kumi na mbili katika uwanja huo, wa tisa katika daraja la juu. Mwaka huo huo alitwaa ubingwa wa dunia, na wiki moja tu baada ya kuutwaa akaangushwa huko Indonesia na kuumia bega la kulia.

Sisi hatutabiri nani atashinda safari hii. Kazi hiyo twawaachia waganga. Twawashauri wasomaji watakaotazama mbio wasimtazame tu aliye mbele. Wamtazame kila mpandaji anavyoingia kona ya kwanza akiwa na matairi baridi. Wamtazame anavyovuka kilele kabla ya kona ya kumi na moja. Wahesabu ni nani aliyelitunza tairi lake la kushoto katika mizunguko ishirini ya mwanzo ili alitumie katika kumi ya mwisho. Mbio za Jumapili ni mizunguko thelathini, kilometa 110. Anayekula akiba yake asubuhi atalala na njaa, na sheria hiyo yatawala uwanjani kama itawalavyo nyumbani mwa kila mfanya kazi.

Sasa tuje katika sababu yetu ya pili. Sachsenring ya leo si ile ya zamani. Mbio za kwanza zilifanyika mwaka 1927 katika njia za kawaida, zikipita katikati ya mji na vijiji, penye kuta, miti na milango ya nyumba za watu. Baada ya vita kuu ya pili nchi ile iligawanywa, na Saxony ikawa sehemu ya Ujerumani ya Mashariki. Wasomaji wetu wa Unguja wanaifahamu dola hiyo. Ndiyo iliyosaidia kujenga majumba ya Kilimani baada ya Mapinduzi ya 1964. Kuanzia mwaka 1961 hata 1972 Sachsenring ilikuwa na mbio za ubingwa wa dunia, na watu walijaa kando ya njia kwa malaki.

Si mbali na hapo pana mji wa Zschopau, wenye kiwanda cha pikipiki kilichojulikana kwa jina la MZ. Kabla ya vita kiwanda hicho, kikiitwa DKW, kilikuwa miongoni mwa vikubwa kabisa duniani. Baada ya vita mitambo yake ilichukuliwa na Warusi kuwa fidia, na wafanya kazi wakabaki na kuta na mikono yao. Fedha hapakuwa; chuma kizuri kilikuwa adimu. Katika hali hiyo fundi mmoja, Walter Kaaden, aliichukua injini ndogo ya mapigo mawili, ile ya kuchanganyiwa oili na petroli, ambayo wakubwa wa dunia waliidharau kuwa ni ya baiskeli za maskini. Aliupokea kwa fundi mwenziwe, Daniel Zimmermann, ufundi wa kisahani kizungukacho ambacho hufungua na kufunga mlango wa hewa kwa wakati wake. Kisha yeye akalichunguza bomba la moshi. Akagundua kwamba sauti ya mlipuko ndani ya bomba ni wimbi. Na bomba likitanuliwa na kufinywa kwa kipimo, wimbi lile hurudi na kuisukuma petroli isitoroke kabla ya kuwaka. Katika mwaka 1961 injini yake ya cc 125 ilitoa nguvu za farasi 25, yaani farasi 200 kwa kila lita moja, jambo ambalo wahandisi wa nchi tajiri hawakuwa wamelipata kwa injini isiyosukumiwa hewa. Hakulipata kwa wingi wa mali. Alilipata kwa kusikiliza bomba la moshi kwa makini kuliko matajiri. Kila pikipiki ya mapigo mawili iliyopata kupita katika njia zetu za vumbi, ikilia na kutoa moshi wa samawati, ilikuwa na deni lake Zschopau.

Mpandaji mkuu wa kiwanda hicho alikuwa Ernst Degner. Katika Julai ya 1961 alishinda hapo Sachsenring, mbele ya watu wake, na ubingwa wa dunia ukawa karibu na mkono wake. Mwezi wa Agosti serikali ikajenga ukuta katika Berlin. Mwezi wa Septemba, katika mbio za Sweden, injini ya Degner iliharibika. Naye hakurudi nyumbani. Mke wake na watoto walikwisha kutoroshwa kwa siri. Akaenda Japani kwa kampuni ya Suzuki, akiwa na elimu ya Zschopau kichwani, na katika mwaka 1962 Suzuki ikapata ubingwa wake wa kwanza wa dunia, Degner akiwa juu ya kiti. Kiwanda cha MZ hakikupata ubingwa wa dunia hata siku moja.

Sisi hatumtetei Degner. Elimu ile haikuwa yake peke yake. Ilikuwa jasho la karakana nzima, na Kaaden ndiye aliyebaki akibeba aibu na shaka za wakubwa. Mtu auzaye kazi ya wenziwe huwaibia. Lakini hatutakuwa waaminifu kama tukikomea hapo. Yatupasa tuulize pia: kwa nini fundi na bingwa, anayeshangiliwa na malaki ya watu wake, aone ni afadhali aache kila kitu? Alichokikosa kwao ni malipo yanayolingana na hatari ya kazi yake, na uhuru wa kwenda na kurudi kama mtu anayeaminiwa. Wahenga wetu walisema, mcheza kwao hutunzwa. Hawakusema kwamba mcheza kwao hulindwa kwa ukuta. Ukuta huzuia miguu. Elimu iliyo kichwani haina mguu wala haina mlango, nayo hupita po pote.

Na hofu ya wakubwa wale haikuishia kwa mafundi. Katika mwaka 1971 Dieter Braun, Mjerumani wa Magharibi, alishinda mbio za cc 250 hapo hapo Sachsenring. Wimbo wa taifa lake ukapigwa, na watu kwa maelfu wakauimba. Baada ya mbio za 1972 Sachsenring ikakoma kuwa uwanja wa ubingwa wa dunia, na wengi husema kwamba wimbo ule ulikuwa na sehemu yake katika uamuzi huo. Chama chenye polisi, magazeti na majeshi kikauogopa wimbo! Twasema bila ya kuficha: chama kinachofikia hali hiyo kimekwisha kupotea njia, hata kama bendera zake bado zapepea. Maana watu wakiimba wimbo usioupenda, la busara si kuwafunga vinywa, bali kuwauliza wanataka nini.

Wako watakaosema kwamba, ikiwa hivyo, basi njia ya mabepari ndiyo yenye haki. Wasiharakishe. Ujerumani ilipoungana mwaka 1990, kiwanda cha Zschopau kikatiwa sokoni. Kikapita katika mikono ya wenye mali mbalimbali, kikafilisika, kikainuliwa, kikafilisika tena. Ralf Waldmann, mpanda pikipiki hodari aliyefariki mwaka 2018 na ambaye jina lake limepewa kona ile ya kumi na moja, alikuwa mmoja wa waliojaribu kukifufua mwaka 2009, nao hawakufaulu. Ukuta ulimpoteza fundi mmoja. Soko likawatawanya waliobaki. Wala ukuta wala soko havikumwuliza mfanya kazi neno lo lote. Hilo ndilo kosa moja lililo katika njia zote mbili, na ndilo tunalotaka wanachama walitazame.

Bado liko jambo la uhai. Hapo Sachsenring, katika mwaka 1937, Jimmy Guthrie wa Scotland alikufa akiongoza, katika mzunguko wa mwisho. Hapo hapo, katika Julai ya 1969, Bill Ivy wa Uingereza alikufa siku ya mazoezi injini yake ilipokwama. Gary Hocking, mlowezi kijana wa Rhodesia ya Kusini, aliyekipatia kiwanda cha MZ ushindi mara mbili katika mwaka 1959, alipofiwa na rafiki yake Tom Phillis katika Kisiwa cha Man mwaka 1962 aliziacha pikipiki. Lakini akaenda katika mbio za motokaa, na kabla ya mwaka kwisha akafa huko Durban. Kwa muda mrefu wenye mashindano waliyaita mambo haya kuwa ni bahati mbaya, wakapanga mbio nyingine Jumapili iliyofuata.

Nani aliyeyabadili? Si wenye viwanja. Ni wapandaji wenyewe walipojifunza somo ambalo kuli wa bandarini na mkata mkonge walilijua zamani: mmoja akikataa hufukuzwa, wote wakikataa husikilizwa. Katika mwaka 1972 Gilberto Parlotti alipokufa katika Kisiwa cha Man, Giacomo Agostini, bingwa mkuu wa siku zile, alisema hatarudi huko, na wakubwa wengine wakamfuata. Baada ya 1976 kisiwa kile kikaondolewa katika ubingwa wa dunia. Katika mwaka 1974, huko Nürburgring, wapandaji wakuu waligoma kwa sababu njia haikuwa na kinga za kutosha. Na Sachsenring yenyewe, baada ya ajali za mauti za mwaka 1990, njia ile ya kupita mijini ikafungwa. Ukajengwa uwanja mpya wenye nafasi ya mtu kuanguka bila ya kugonga ukuta, na mbio za dunia zikarudi mwaka 1998. Kila jongoo la mchanga, kila kiwanja cha changarawe atakachokiona mtazamaji Julai hii, kilipatikana kwa madai ya wafanya kazi.

Wala madai hayajakwisha. Tangu mwaka 2023 zimeongezwa mbio fupi za Jumamosi katika kila mashindano, na hivyo hatari ya mwanzo wa mbio, ambayo ni kubwa kuliko zote, imekuwa mara mbili. Wapandaji kadhaa walilalamika kwamba hawakushauriwa. Katika mwaka 2025 kampuni ya Kimarekani, Liberty Media, iliyanunua mashindano haya kutoka kwa waliokuwa na haki zake. Mwenye mali hununua ili apate faida, hilo halitushangazi. Litakalotushangaza ni wapandaji kukaa kimya.

Na sisi hapa nyumbani? Katika kila kijiwe cha bodaboda wamo vijana wanaojiita kwa majina ya mabingwa hawa na kulala katika kona kama wao. Twawaambia kwa upendo: bingwa huyo mnayemwiga amevaa ngozi toka shingoni hata vidoleni, kofia yake imefungwa, njia yake haina lori wala mtoto avukaye, na daktari anangoja kando. Nanyi mmevaa kandambili. Lakini hatutawalaumu vijana peke yao, maana kufanya hivyo ni kurudia kosa la wale wakubwa tuliowasema. Kijana anayekimbiza pikipiki usiku mara nyingi anaikimbiza hesabu ya tajiri. Hesabu ikiwa nzito kuliko siku, mwendo utakuwa mkali kuliko njia. Anayetaka kijana apunguze mwendo na aanze kwa kuutazama mkataba wake.

Kwa hiyo twatoa rai kwa matawi ya Chama na vyama vya wafanya kazi. Vijana wa bodaboda wasiitwe tu wakati wa maandamano, ili pikipiki zao zipige honi mbele ya msafara. Waitwe wakati wa shauri. Wasaidiwe kuunda ushirika wa kununua pikipiki zao wenyewe, ili jasho lao liwe mali yao. Kofia mbili, ya dereva na ya abiria, ziwe sharti la kazi lenye kusimamiwa, zisiwe kisingizio cha kuwatoza. Na mafundi wa vichochoroni, wanaofufua injini kwa spana tatu na waya, wafikishwe katika vyuo, waulizwe wanajua nini kabla ya kufundishwa wasilolijua. Nani ajuaye kama miongoni mwao hayumo Kaaden wetu, akisikiliza bomba la moshi chini ya mwembe?

Julai hii, basi, tutazame Sachsenring. Tumshangilie atakayevuka kona ya kumi na moja kwa ustadi na kufika salama. Lakini bendera itakaposhushwa tukumbuke kwamba katika milima ile palikuwa na mafundi hodari kuliko wote duniani, na chama kilichosema kinawapenda, na kwamba fundi mmoja tu aliyekosa kutunzwa alitosha kuipeleka elimu yao yote ng'ambo. Chama chetu kisingoje mpaka kimpoteze wake ndipo kijue thamani yake.